Uso Chini ya Chokaa

Rozalia alikitambua kidole kabla hajatambua kitu kingine chochote.

Kilikuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kimepinda kuelekea nje kana kwamba kinataka kuwaacha wenzake. Kilichorwa kwa rangi ya kahawia kwenye ukuta wa kanisa la kigango, kati ya dirisha la tatu na la nne. Asubuhi ya Alhamisi hiyo ukuta ule ulikuwa mweupe, kama ulivyokuwa tangu yeye azaliwe. Sasa ilikuwa saa kumi alasiri. Chokaa ilikuwa imekwanguliwa kwa upana wa mlango, na nyuma yake ilijitokeza mikono miwili ya mwanamke iliyoshika kitambaa.

"Umeleta chakula, mwalimu, au umekuja kukagua kazi?" Kassian aliuliza kutoka juu ya ngazi. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Macho yake yalikuwa yanacheka.

"Ugali wa muhogo na kisamvu," alijibu Rozalia bila kuondoa macho ukutani. "Hicho ni nini?"

"Kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Veronika anampangusa Yesu uso. Kilifichwa chini ya chokaa miaka zaidi ya thelathini. Padre Octavian amesema nikisafishe kabla ya Jubilei."

Jubilei ya miaka hamsini ya kigango ilikuwa mwezi mmoja mbele, Agosti ya mwaka 2003. Kassian alikuwa amepewa kazi ya kupaka kanisa rangi upya. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuja kutoka wilaya ya Ruangwa kupaka madarasa ya shule ya msingi ambayo Rozalia alifundisha, jirani na Lionja. Madarasa yalikamilika kwa wiki tatu. Fundi hakuondoka. Watu wote walijua kwa nini hakuondoka, na barua yake ya posa ilikuwa imepelekwa kwa mjomba wa Rozalia asubuhi ileile.

Rozalia alisogea karibu. Uso wa Yesu ulionekana ndani ya kitambaa cha Veronika, umechoka, umechorwa kwa upendo. Lakini Veronika mwenyewe hakuwa na uso. Mahali pa uso wake palikuwa na kipande cha nguo kilichogandishwa ukutani, kigumu kama ngozi kavu.

"Nani alibandika nguo hiyo?"

"Sijui. Najua tu kwamba alitumia gundi ya mkorosho. Nikiilowesha inatoa harufu yake."

"Kassian," alisema Rozalia polepole, "huo ni mkono wa mama yangu. Kidole kile alikivunja kwa mchi alipokuwa msichana."

Alitarajia ashangae. Kassian hakushangaa. Aliteremka ngazi, hatua moja baada ya nyingine, akafuta mikono kwenye suruali. Kicheko kilikuwa kimekwisha machoni pake.

"Mbona hushangai?"

Kassian alifungua sanduku lake la brashi. Chini kabisa alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa.

Ulikuwa uso wa msichana uliochorwa kwa penseli. Rozalia alijiona mwenyewe. Macho yaliyotengana kidogo, paji pana, mdomo uliotaka kucheka ukajizuia. Chini yake paliandikwa mwaka 1969. Yeye alizaliwa mwaka 1976.

"Nani alichora?"

"Marehemu baba yangu."

"Uliniambia baba yako alikuwa mkulima wa korosho."

"Alikuwa mkulima. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji. Mapadre wazungu walimwita achore vituo vyote kumi na vinne humu ndani. Alichora kimoja tu, akarudi kwao Mbwemkuru. Alipofariki nilikuta karatasi hii chini ya brashi zake. Hakuwahi kututajia."

"Kwa hiyo ulikuja huku kutafuta ukuta."

"Ndiyo. Nilikuja kutafuta ukuta."

"Ukanikuta mimi."

"Nilikukuta uwanjani unawafokea watoto waliokanyaga rangi mbichi. Nilifikiri naota."

Rozalia aliikumbuka siku ile. Kijana mgeni alisimama na kopo la rangi mkononi, akamtazama mpaka rangi ikamwagikia kiatu chake. Mtazamo ule alikuwa ameutunza mwaka mzima. Aliutoa alipokuwa mpweke, akautazama, akaurudisha mahali pake. Sasa aligundua kwamba haukuwa wake. Kijana yule alikuwa anamtazama mtu mwingine.

"Niambie ukweli. Ulinipenda mimi au ulipenda karatasi?"

Mwanaume mwingine angesema uongo mtamu, na pengine Rozalia angeupokea.

"Siku ya kwanza, karatasi."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili ulinikatalia ubao niliopaka. Ulisema unang'aa, watoto wa nyuma hawataona maandishi. Nilibisha. Ulinishika mkono ukanikalisha dawati la mwisho, magoti yakanigonga kidevu. Karatasi haijawahi kunikalisha dawatini, Roza."

Kicheko kilimpanda Rozalia kifuani. Alikizuia. Kisha akahisi jinsi mdomo wake ulivyojikunja katika kukizuia, sawasawa na mdomo wa kwenye karatasi, na machozi yakamjaa.

"Kula chakula chako kabla hakijapoa," alisema. Alimrudishia karatasi, akatoka, akapanda baiskeli yake bila kugeuka nyuma.

Habari zilikuwa zimemtangulia nyumbani. Mama yake, Dionisia, alikuwa uani anapepeta ufuta. Pembeni yake aliketi jirani yao Mwanaheri, mwanamke wa Kiyao ambaye alikuwa na utani na Dionisia tangu ujana wao. Mjomba Ildefonsi, kaka mdogo wa Dionisia, alikuwa amevaa miwani na ameshika barua.

"Dionisia," Mwanaheri alikuwa anasema, "nasikia Wakristo wamekufukua. Mimi Mwislamu, lakini kesho naingia kanisani nikutazame. Enzi zile ulikuwa mzuri, siyo hivi sasa umekuwa kama gunia la makopa ya muhogo."

"Nenda. Labda watakubatiza," alisema Dionisia. Hakucheka.

"Niacheni nimalize," alisema Ildefonsi. Alikuwa mzee wa mpango, mtu wa kusoma barua mpaka tarehe. "Kijana anaandika vizuri. Anaomba aje na mjomba wake Jumapili ya wiki ijayo, saa nane mchana. Ametia sahihi: Kassian, mtoto wa marehemu Eustakio, Mbwemkuru."

Ungo ulisimama hewani. Ufuta ulimwagika upande mmoja, na kuku wakakimbilia.

"Rudia jina hilo."

"Eustakio."

Dionisia aliuweka ungo chini. Hapo ndipo alipomwona bintiye amesimama kando ya baiskeli.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nimejua leo, mama."

"Mimi pia nimejua leo. Kijana amekula kwangu mwaka mzima. Aliniambia kwao ni Ruangwa, nikafikiri Ruangwa mjini." Sauti yake haikupanda. Rozalia angependa ipande. "Kaa chini usikie. Baba yake alianzia kituo cha sita. Mapadre walimuuliza kwa nini asianzie cha kwanza. Alisema mwanga wa dirisha ni mzuri pale. Mwanga gani? Alitaka kunichora mimi. Alipomaliza alisema anakwenda kumleta mjomba wake anipose. Nilimpikia maandazi ya safari."

"Hakurudi," Rozalia alisema kwa sauti ndogo.

"Mjomba wake alikuwa na binti. Alimwambia: oa huyu. Akamwoa. Hakuandika hata mstari mmoja. Mimi nilibaki ukutani. Unajua Kwaresima ilivyo, mwanangu. Kila Ijumaa watu wanatoka kituo hadi kituo, vingine misalaba mitupu. Wakifika cha sita wanapiga goti mbele ya uso wangu, halafu wanageuka kunitazama nilipo. Ijumaa zote za Kwaresima mbili. Mwanamke mmoja aliniuliza kama Veronika naye alisubiri mchumba."

"Nilimwambia nitamng'oa meno," alisema Mwanaheri. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Na wewe Roza, usianze kuhesabu miaka kwa vidole. Mama yako alikaa miaka sita peke yake baada ya mtu yule. Ndipo marehemu baba yako alipokuja na baiskeli yake mpya na kengele yake ya fujo."

"Wanawake tulipofanya usafi wa Pasaka," Dionisia aliendelea, "niliomba ukuta ule niupake mimi. Padre alikuwa likizo kwao Ulaya. Aliporudi nilimwambia unyevu umeharibu picha. Ndiyo dhambi pekee niliyoungama mara tatu."

Mjomba Ildefonsi alivua miwani. "Dada, kijana hakutenda kosa hilo."

"Watu wa nyumba ile wanangoja mjomba aseme. Akisema kaa, wanakaa. Posa hiyo usiipokee."

"Kwetu neno la posa ni la mjomba, dada. Ndivyo tulivyorithi."

"Neno ni lako," alisema Dionisia. "Uso ni wangu."

Aliinuka, akaingia ndani. Rozalia alibaki anawafukuza kuku. Mchana ule alikuwa na hasira na mwanaume mmoja, na alifikiri hasira hiyo ni ya kumaliza kwa siku tatu. Sasa aliona mlango mzima unafungwa, na hakuwa tayari kabisa ufungwe.

Jumamosi asubuhi Dionisia aliingia kanisani na ndoo ya chokaa kichwani. Rozalia alimfuata kwa nyuma na brashi ya katani. Hakuambiwa wanakwenda kufanya nini. Hakuhitaji kuambiwa.

Kassian alikuwa amepiga magoti karibu na ukuta, anakwangua pindo la vazi la Veronika. Alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Dionisia aliitua ndoo mbele yake. Hakuutazama ukuta. "Umemaliza kufukua?"

"Bado, mama."

"Basi fukia. Paka chokaa ukuta mzima, mimi nikiona. Padre nitamweleza mwenyewe. Ukipaka, Jumapili ya wiki ijayo uje na mjomba wako. Usipopaka, usije."

Rozalia alimtazama Kassian. Alijua ni kitu gani anaombwa. Baba yake hakuacha kazi nyingine ya mkono wake duniani, isipokuwa karatasi moja na ukuta huu. Kassian alimtazama pia, kwa muda mrefu. Hakukuwa na ombi ndani ya macho yake. Kulikuwa na huzuni tu. Kisha aliinama akachukua brashi kutoka mkononi mwa Rozalia, na vidole vyao vikagusana.

"Nitapaka," alisema.

Alichovya brashi. Aliinua mkono. Halafu akaushusha.

"Mama, naomba kuuliza swali moja, kama fundi. Baada ya hapo nitapaka."

"Uliza."

"Chokaa ikikaa juu ya rangi ya mafuta miaka mingi, inaibandua. Tazama vazi hili, lote limebanduka. Lakini kuna mtu aliyelijua hilo. Kabla ya kupaka chokaa alifunika uso kwa nguo. Hakufunika mikono, hakufunika vazi, hata uso wa Bwana Yesu hakuufunika. Aliifunika sehemu hiyo moja. Mtu anayetaka kitu kipotee hafanyi hivyo. Nani aliyebandika nguo?"

Nje, mtu aliongea na mbuzi wake akipita.

Rozalia alipanda ngazi hatua mbili. Juzi alikuwa na hasira, hakuona vizuri. Sasa aliona kwamba upindo wa nguo ile ulikuwa na mshono wa uzi mwekundu, maua madogo yenye petali nne, na katikati ya kila ua fundo moja. Vitambaa vyote vya meza nyumbani kwao vilikuwa na maua hayo.

"Mama," alisema.

"Niliogopa," alijibu Dionisia. "Ni Veronika. Ni mtakatifu. Mtu hampaki mtakatifu chokaa machoni."

"Na Bwana Yesu?" aliuliza Rozalia.

Dionisia alimwondoa bintiye ngazini kwa mkono, kama alivyokuwa akimwondoa jikoni alipokuwa mtoto. Alipanda yeye. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, magoti yake yanauma, alipanda mpaka alipofikia nguo ile, akaishika upindo.

"Mama, usivute!" Kassian alipiga kelele. "Inahitaji maji ya moto, inahitaji siku nzi—"

Aliivuta.

Ilitoka yote kwa mara moja, kwa sauti ya magome yanayobanduliwa. Mahali pake ukutani palibaki udongo mtupu. Veronika aliendelea kushika kitambaa chake, lakini hakuwa na uso. Uso wote ulikuwa umetoka na gundi. Ulikuwa ndani ya mikono ya Dionisia, umegeuka kushoto kuwa kulia kama kwenye kioo, umepasuka kidogo shavuni, wa msichana wa miaka kumi na tisa anayetaka kucheka.

Dionisia aliketi kwenye ngazi. Aliutazama muda mrefu.

"Nilikuwa hivi?" aliuliza. Hakumuuliza mtu yeyote kati ya hao wawili.

Kassian alikuwa ameweka mkono kichwani kama mtu aliyefiwa. Lakini alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akampelekea.

"Hii pia ni yako, mama. Aliitunza mpaka alipokufa."

"Aliitunza." Dionisia alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Karatasi aliitunza." Hata hivyo aliipokea, akaiviringisha pamoja na nguo. Alipofika chini alimtazama kijana ana kwa ana. "Binti yangu umewahi kumchora?"

"Hapana, mama."

"Usimchore. Baba yako alinichora, akaona amekwisha kunichukua, akaenda zake. Ukimtaka huyu, uwe unamtazama mwenyewe kila siku, na akizeeka umtazame." Aliichukua ndoo yake ya chokaa, ikiwa bado imejaa. "Jumapili, saa nane. Mje wawili."

Alitoka. Rozalia na Kassian walibaki mbele ya ukuta.

"Sina tena karatasi," alisema Kassian.

"Nimeona."

"Bado una hasira?"

"Ninayo." Alimpangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya khanga yake, mara moja, haraka. "Nenda kamlete mjomba wako."

Kassian aliondoka Jumatano. Rozalia alikwenda kanisani Alhamisi, akakuta ngazi imelazwa ukutani na makopo yamefunikwa. Sanduku la brashi halikuwapo.

Fundi anayekwenda siku nne na kurudi haondoki na sanduku lake. Jambo hilo hakumwambia mtu. Alilibeba Ijumaa darasani na Jumamosi mtoni. Jumapili, wakati wa Misa, watu walimtazama Veronika asiye na uso, halafu wakageuka kumtazama yeye. Sasa alijua mama yake alibeba nini.

Saa nane mchana uani palikuwa tayari. Mjomba Ildefonsi alikuwa amevaa koti. Upande wa wenyeji palitandikwa mkeka. Upande wa wageni waliweka viti viwili, kimoja cha mposaji na kimoja cha mjomba wake. Mwanaheri alikuwa amechinjiwa kuku wawili wa kuwapikia wageni, naye alikuwa anakemea moto.

Saa tisa viti vilikuwa vitupu. Saa tisa na nusu Ildefonsi alitazama saa yake, akaificha ndani ya mkono wa koti. Dionisia alikuwa ameketi mlangoni, mikono mapajani, kidole chake kilichopinda kimetulia juu ya vingine. Rozalia alitamani aseme neno. Alitamani hata amtukane.

"Wali utaungua," alisema Mwanaheri.

"Uache uungue," alijibu Dionisia.

Saa kumi na dakika chache mtu alitokea kwenye njia ya mikorosho. Alitembea kwa miguu. Alikuwa na vumbi mpaka kiunoni, na begani alibeba sanduku la brashi. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Rozalia alisimama.

"Shikamooni wazee wangu," alisema Kassian. "Nisameheni kwa kuchelewa. Gari liliharibika njia panda ya Nachingwea, nimetembea kutoka huko."

"Mjomba wako yuko wapi?" aliuliza Ildefonsi.

"Amekataa kuja. Amesema hakanyagi nyumba ya mwanamke wa ukutani. Amesema nikija peke yangu, nisirudi kwao. Nimechukua vitu vyangu vyote." Aligusa sanduku. "Hili nilikwenda nalo nimwonyeshe kazi yangu. Ndivyo vyote."

Ildefonsi alikohoa. Alikuwa anampenda kijana, lakini alipenda utaratibu pia. "Mwanangu, posa isiyo na mjomba haina mtu wa kuisimamia. Nitamwambia nani maneno yangu? Kesho mkigombana nitamwita nani? Samahani sana. Siwezi kuianza."

Kassian alitazama chini. Rozalia alimtazama mama yake.

Dionisia aliinuka mlangoni. Alipita mbele ya mkeka wa ndugu zake bila kusimama, akavuka uwanja, akafika kwenye viti viwili vya wageni. Alikivuta cha mjomba, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaketi.

"Dada," alisema Ildefonsi, "umekaa upande usio wako."

"Baba yake alimtii mjomba, hakuja. Huyu hakumtii, amekuja." Alirekebisha khanga yake begani, akakipigapiga kiti kilichobaki. "Kaa, mwanangu, umechoka. Haya, Ildefonsi. Msimamizi wake ni mimi. Anza."